Damu Yangu kwa Jina la Colette

Dirisha la mutuelle liko mwisho wa ukumbi wa hospitali, ukishapita duka la dawa, na juu yake pamebandikwa karatasi isemayo kwamba hakuna chenji. Kwa muda mrefu sikuielewa karatasi hiyo. Pale hakuna anayelipa. Ni mahali pa watu wenye kadi, wale wanaokatwa kidogo kwenye mshahara kila mwezi ili wao na familia zao wakiugua watibiwe.

Colette alipitisha kadi yake na fomu ya mkunga ya kipimo cha damu chini ya kioo. Ni mke wa kaka yangu Hilaire, na siku hiyo mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika mwavuli na mkoba wake. Kwetu kila safari ya makaratasi huangukia mimi, kwa sababu ndiye niliyemaliza chuo, ingawa nilichosomea ni kufundisha watoto wa shule ya msingi na mbele ya dirisha lolote sauti yangu hupotea.

Karani wa mutuelle, Didier, alibonyeza vitufe vya kompyuta, akasubiri, akabonyeza tena.

"Mama, hii kipimo haitalipwa."

"Juu ya nini?"

"Juu ulishaka kuifanya. Electrophorèse, mwaka wa 2021, mwezi wa kumi na moya. Na résultat ni AA. Iko muzuri kabisa. Rudi ku nyumba, ufurahi."

"Minye?"

"Weye. Colette, bibi ya Hilaire wa ku Kakontwe. Njo iko hapa."

"Minye sikutoaka damu ya hii kintu hata siku moya."

"Mama, mimba inasahabishaka bantu."

Watu wa foleni walicheka. Mama mmoja mwenye kitenge cha manjano alisema, "Ni kweli. Ile mimba yangu ya tatu, nilisahabu hata bwana." Mwingine akamjibu, "Yule wako hata bila mimba ungemusahabu," na kicheko kikaenda mpaka kwenye duka la dawa.

Colette hakucheka. Aligeuka akaniangalia. "Jaël, weye ulisoma. Ongea na yeye."

Nikaangalia mwavuli. Nilikuwa na la kusema. Damu ile ya mwaka 2021 ilikuwa imetoka kwenye mkono wangu.

*

Tulikuwa na mdogo wetu, Ricky. Alikufa akiwa na miaka tisa. Miaka saba ya kwanza alitibiwa malaria, kisha minyoo, kisha malaria tena, na bibi mmoja wa jirani akamtibu uchawi, mpaka daktari mgeni alipoangalia macho yake ya njano na vidole vilivyovimba, akaagiza kipimo. Ilikuwa selimundu. Sisi tunasema SS, kama wanavyoandika kwenye karatasi. Baba na mama walikuwa wameibeba wote wawili, kila mmoja nusu, bila kujua na bila kuumwa siku hata moja.

Baada ya kumzika nilitaka kujua mimi nimebeba nini. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni na sikuwa na pesa. Hilaire alikuwa amepata kazi kwenye tanuri za chokaa kule Kakontwe. Alikuwa ametoa mahari ya Colette nusu, akaandikisha mke kazini haraka kabla nafasi za familia hazijafungwa, na kadi ikatoka. Haikuwa na picha. Colette bado alikuwa akikaa kwao Kamatanda, hata hakujua kwamba kadi imetoka.

"Twaa," Hilaire aliniambia. "Colette haiko na ugonjwa, kadi inalala tu. Bakikuita Colette, itika."

Waliniita Colette, nikaitika. Matokeo yakatoka AA, sikubeba hata nusu. Nililia kwa furaha chooni, halafu nikamrudishia kadi. Katika nyumba zetu watu huazimana kadi kama wanavyoazimana sufuria. Sikuona kama nimeiba. Niliona nimeazima.

*

Wiki moja kabla ya siku ile ya dirishani, mkunga, Mama Élisabeth, alikuwa amempima Hilaire. Yeye ndiye mfanyakazi, kwa hiyo kipimo chake kililipwa siku hiyo hiyo bila swali. Matokeo: AS. Amebeba nusu.

"Sasa tumupime bibi," Mama Élisabeth alisema. Alituchorea duara nne nyuma ya kalenda ya zamani. "Kama na yeye ni AS, kila mimba, mutoto moya kati ya bane anaweza kutoka SS. Sisemi hii ju muogope. Mutoto tukimujua siku anazaliwa, tutamupa dawa mbele ya ugonjwa kufika, na chanjo yake yote, na atakomea mupaka awe mukubwa. Mwenye kufa haraka ni ule benye habakumujua."

Hilaire alikuwa anaangalia sakafu. Nilijua anamwona nani.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo tu. Colette ni AS au siye? Kijitabu chake cha kliniki kitaandikwa nini, ili mkunga wa zamu siku ya kujifungua ajue kama mtoto atachomwa kisigino kutolewa damu ya kipimo au ataachwa? Swali moja, na tone moja la damu. Nilidhani tutalimaliza kabla ya saa sita mchana.

*

Jioni ya siku ile ya dirishani nilimsubiri Hilaire. Alifika na viatu vyeupe kwa chokaa, akavipigapiga ukutani kama kawaida yake. Colette alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza bukari, ugali wetu.

"Yaya," nilisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "mutuelle balikataa."

"Colette alisha kuniambia ku simu. Nilimujibu ordinateur ya ku dirisha ilikosa."

"Haikukosa. Ile AA ni minye."

"Najua ni weye." Alishusha sauti. "Jaël, unamukumbuka Alphonse wa ku kazi? Alipatia jirani kadi ya bibi yake, malaria tu. Balimusimamisha miezi tatu bila mushahara. Unataka minye tena?"

"Nataka Colette apimwe."

"Labda na yeye ni AA."

"Labda."

"Sasa?"

"Sasa unataka kulea mutoto na labda?"

Colette aliingia na bukari, na Hilaire akaanza kuuliza habari za samaki.

*

Nilikuwa na akiba ya dola arobaini niliyoificha ndani ya biblia ya mama. Kipimo ni dola thelathini. Jumatatu sikwenda shule. Nikaenda moja kwa moja kwa mama wa kesi, mpokea fedha wa hospitali, mahali wanapolipa wasio na kadi. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima.

"Nataka kulipia wifi yangu electrophorèse."

"Iko na mutuelle?"

"Ndiyo, lakini balikataa. Nitalipa cash."

"Haiwezekani. Mwenye kadi hatumutoze. Mukataba inakataza."

"Lakini mutuelle hailipe."

"Kama hailipe, basi hakuna kipimo."

"Na pesa niko nayo hapa."

"Naiona." Kweli alikuwa anaiona, noti mbili za ishirini juu ya meza. "Ni muzuri. Lakini siwezi kuitwaa."

"Kama hangekuwa na kadi?"

"Ah, kama hangekuwa na kadi, sasa hivi. Dakika tano."

Nilirudisha pesa mfukoni. Nilitoka nikaenda kwenye maabara ndogo ya mtu binafsi karibu na soko. Wao hutuma damu Lubumbashi, na walikuwa tayari kabisa kutwaa dola zangu, ila walitaka fomu ya mkunga. Ile yetu ilikuwa imebaki kwa Didier, imepigwa muhuri wa kukataa. Nikarudi hospitali kuomba nyingine. Mama Élisabeth alifungua kijitabu cha Colette akanionyesha. Mutuelle walikuwa wamemtumia habari, naye alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa masista: *Mama: AA.* Chini yake, kwenye mstari wa mtoto, alikuwa amepiga kistari. Hakuna la kufanya.

"Mwanangu, damu haibadilike. Nimupime mara mbili juu ya nini? Kuna bamama benye hata mara moya hawapate."

Alisema kwa upole, na alikuwa na haki. Kila mtu siku hiyo alikuwa na haki. Didier alikuwa na haki, mama wa kesi alikuwa na haki. Ningependa kukutana na mmoja tu aliyekosea, nimkasirikie. Lakini aliyekosea alikuwa amesimama pale na mwavuli wa Colette aliouazima.

Nilifungua mdomo nimwambie. Wajawazito sita walikuwa kwenye benchi wakitusikiliza. Nikasema asante, nikaondoka.

*

Hilaire ndiye aliyeleta dawa. Aliileta Jumatano, akiwa amefurahi kama mtu aliyeokota nyundo iliyopotea.

"Colette ataenda kama Jaël. Jaël hana kadi. Analipa, anapimwa, dakika tano. Tutajua, na hakuna mwenye ataumia."

Colette aliacha kuchambua lenga-lenga. "Minye niitwe Jaël?"

"Ni jina tu."

"Na juu ya nini nisipimwe na jina yangu?"

"Juu ya ile ordinateur yao. Jaël, muelezee."

Nilieleza vibaya. Nilisema mutuelle, mkataba, muhuri. Colette alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye mboga zake. "Munanificha kintu," alisema bila hasira. "Lakini nitaenda. Nimechoka kukataliwa damu yangu mwenyewe."

Alhamisi tulikwenda sote wawili kwenye maabara ya hospitali; malipo yangefuata baada ya kipimo. Muuguzi wa maabara alikuwa mwanamke mchangamfu, aliyekuwa akila karanga kutoka mfuko wa koti lake. Alivuta daftari.

"Jina?"

Colette alikohoa. "Jaël."

"Miaka?"

Aliniangalia. Nikamwonyesha kwa vidole, ishirini na sita. "Ishirini na sita."

"Hii mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Muuguzi akaandika kwamba Jaël, miaka ishirini na sita, ana mimba ya kwanza. Niliisoma kichwa chini, jina langu na mimba isiyo yangu, na hapo ndipo nikaona yote kwa mara moja. Karatasi itatoka na jina langu. Hata ikisema AS, ni Jaël aliye AS. Kijitabu cha Colette kitabaki na AA ya bluu na kistari chake. Sisi watatu tutajua, sebuleni, lakini sebule haifuatani na mama chumba cha kuzalia. Mkunga wa zamu atasoma kijitabu. Mtoto hatachomwa kisigino, na akiwa na homa ya kwanza watampa dawa ya malaria.

Muuguzi alikuwa amekwisha kufunga mpira kwenye mkono wa Colette.

"Mama, ungojee," nikasema.

"Nini?"

"Uyu si Jaël." Sauti ilitoka ndogo, nikalazimika kurudia. "Uyu ni Colette. Jaël ni minye. Na ile Colette wa 2021 pia ni minye."

Muuguzi aliacha kutafuna. Colette alifungua mpira mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, akaukunja, akauweka mezani.

"Siku ile," alisema, "pale ku dirisha. Banacheka minye nimesahabu. Na weye unanishikia mwavuli."

"Ndiyo."

"Leta mwavuli yangu."

Nikampa. Na mkoba nao akautwaa.

*

Didier alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Foleni nayo ilisikiliza, safari hii bila kucheka. Yule mama wa kitenge cha manjano hakuwapo, na nikamshukuru Mungu kwa hilo.

"Dada," Didier alisema, "kama mungeiba pesa ningejua ginsi ya kuandika. Hii nitaandika namna gani?" Aligeuza kompyuta kidogo tuone. "Angalia. Kuondoa résultat ya bibi, inaniomba kumuondoa bibi. Kuondoa bibi iko na sababu mbili tu: amekufa, ao divorce."

"Sijakufa," Colette alisema.

"Naona, mama."

"Na divorce tutaongea na bwana yangu lelo magharibi."

Didier alifikiri. Umeme ukakatika, kompyuta ikazima, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu alivuta karatasi ya kawaida na kalamu. "Andika," akaniambia. "Weye unajua kuandika. Andika yote, na tarehe, na usaini. Nitaipeleka kwa mukubwa."

Niliandika nimesimama, karatasi juu ya ukuta. Niliandika kwamba mimi ndiye niliyeitika jina lisilo langu, na kwamba Colette hakujua. Kuhusu Hilaire niliandika kweli pia. Nilijaribu kutafuta maneno laini, hayakuwapo.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Hilaire hakusimamishwa kazi. Walimwandikia onyo, wakamtaka arudishe gharama ya kipimo changu, na kadi ya Colette ikafungwa miezi miwili. Siku hizo nne kaka yangu alipiga viatu vyake ukutani kwa nguvu zaidi kuliko kawaida. Siku ya tano alinikuta jikoni akasema, "Kama ingekuwa ya Ricky, mama angesema kweli, vile ulisema." Akatoka kabla sijamjibu.

Miezi miwili bila kadi. Nilikaa na barua ile mkononi nikihesabu vidonge vya damu, vipimo vya mkojo, kila kitu ambacho sasa tungelipa wenyewe. Nilikuwa nimemsaidia Colette au nimemvua nguo? Halafu nikamkumbuka mama wa kesi. *Kama hangekuwa na kadi.*

Asubuhi tulikuwa mbele yake.

"Iko na mutuelle?"

"Balimufungia," nikasema, na nikampa barua.

Aliisoma yote, pamoja na muhuri. "Ah," alisema, akanyosha mkono. "Dola thelathini."

Nilikuwa karibu kupiga kelele. Badala yake nilimpa noti mbili za ishirini, akanirudishia kumi. Colette alipimwa kwa dakika tano, kwa jina lake, na muuguzi wa karanga akamuuliza mara tatu kama ana hakika.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Didier kulipa deni la kipimo changu cha zamani kwa pesa alizonipa Hilaire. Pesa ilikuwa kubwa kuliko deni. Didier alinionyesha karatasi ya juu ya dirisha kwa kidole. Nikaielewa hatimaye. Wanaolipa pale ni watu kama mimi.

*

Matokeo yalikuwa AS.

Mama Élisabeth aliyasoma mara mbili. Colette alikaa wima kabisa, mikono juu ya tumbo, na Hilaire, aliyeomba ruhusa kazini, alisimama nyuma yake na vumbi lake. Mkunga hakutulaumu. Alitwaa kalamu nyekundu, akaikata ile AA ya bluu, akaandika juu yake, na pale kwenye kistari akaandika kwa herufi kubwa: *MTOTO APIMWE SIKU YA KUZALIWA.* Alipigia mstari mara mbili mpaka karatasi ikatoboka.

"Moya kati ya bane," alimwambia Colette. "Batatu bako muzima. Na wa ine, tutakuwa tunamungojea. Haitakuwa kama Ricky."

Colette aliuliza mtoto naye atalipiwa kipimo na nani. Mama Élisabeth akasema kadi itakuwa imefunguliwa, twende tuulize dirishani. Kwa hiyo tulirudi dirishani.

"Mutoto analipiwa," Didier alisema. "Akishaka andikwa. Muniletee acte de naissance, ile karatasi ya kuzaliwa, ninaituma Lubumbashi, inarudia hapa siku makumi tatu. Makumi ine, kama courant ya umeme inasumbua."

"Lakini kipimo ni siku ya kuzaliwa," nikasema.

"Ndiyo."

"Na atalipiwa kisha siku makumi ine."

"Ndiyo, dada. Njo mukataba."

Tuliangaliana. Zamani ningeangalia mwavuli, lakini sikuwa nao.

"Leta fomu ya kumuandika," nikasema. "Nitaijaza sasa. Siku anazaliwa itabakia tarehe tu."

"Hata jina haiko nayo."

"Acha nafasi."

"Hakuna mwenye alishaka fanya vile."

"Iko mu mukataba kwamba inakatazwa?"

Didier alifikiri, akatafuta kwenye kabrasha, ukurasa kwa ukurasa, huku foleni ikianza kunung'unika nyuma yetu. Haikukatazwa. Lakini fomu zilikuwa zimekwisha, akasema. Zingine zitafika Jumatatu, labda Jumanne.

"Tutafika Jumatatu," Colette alisema. "Na Jumanne tena."

Nje jua lilikuwa kali. Wiki mbili hizo alikuwa amebeba vitu vyake mwenyewe, hata nilipomwomba, na nilikuwa nimeacha kumwomba. Kwenye ngazi alisimama, akapumua, akashika kiuno.

"Shika," alisema, akanipa mwavuli na mkoba. "Na ile siku ya kuzala, bakiniuliza jina, weye unyamaze."